Kichwa cha Baba Neema

Mimi sijastaafu, vilivyostaafu ni vidole. Asubuhi moja nimekaa na udongo wangu, nikaviambia vifinye, vikanitazama kama mabinti wavivu. Kichwa kinataka, macho yanataka, vidole vimegoma. Basi nikawaachia ninyi wa kikundi kazi, nikahamia kivulini, na sasa mmeanza, "Bibi, tuandikie kumbukumbu za kazini." Sawa. Ila mjue darasa langu lilikuwa elimu ya watu wazima, tunasoma tukiwa na watoto mgongoni, mtoto akilia mwalimu anahesabu kuwa umejibu. Herufi nilikuja kuzishika vizuri kwa brashi, kwenye vibao vya maduka. Kwa hiyo mkiona mahali naandika kwa kelele kama natangaza saluni, vumilieni.

Vyeo nitaruka kwa sababu sikuwa navyo. Kimoja tu nilipewa, na watu wa mnada wa Issuna: Mama Vichwa. Mishahara nayo nairuka kwa sababu hiyo hiyo.

Kazi nilianzia Iramba kwa shangazi yangu, mfinyanzi. Huyo mama alikuwa anatengeneza vyungu, siyo hivi vyenu vya kupasuka ukikohoa. Chungu chake kimoja kilidondoka kutoka kwenye lori mlima wa Sekenke. Lori lilivunjika, chungu kikaendelea na safari. Vifaa vyake vilikuwa vinne vitano hivi, vyote vinaingia kwenye kikapu: kipande cha kibuyu cha kukwangulia, gunzi la mahindi la kuchorea, jiwe la mtoni la kung'arishia, na kitambaa kichafu ambacho ukikifua anakuchapa. Udongo tunauchanganya na vigae vya vyungu vya zamani vilivyosagwa, ndipo unapata mifupa. Tunachoma kwa samadi kavu na nyasi.

Siku yangu ya kwanza nilijifanya fundi. Nikafinyanga kuku, mzima, mnene, nimeziba kila mahali, nikamchomeka kwa siri katikati ya vyungu vya shangazi. Moto ulipokolea, kuku akalipuka. Jamani! Majirani walitoka na mikuki, wakidhani wezi wa ng'ombe wamekuja na bunduki. Vyungu vya shangazi vya mwezi mzima vikawa kokoto.

Shangazi hakunipiga. Aliinama juu ya majivu akauliza, "Ulimfungia nani humo ndani?"

"Hakuna mtu shangazi. Kuku tu."

"Basi sikiliza. Kitu chenye uwazi ndani, lazima ukitoboe. Udongo una maji hata ukiuona mkavu. Yakichemka yanatafuta pa kutokea."

Huo ndio ualimu wote niliopata. Mengine niliiba kwa macho.

Utemini, pale Singida mjini, nilifika wakati wa ruksa ya biashara. Ninyi mmezaliwa mmekuta maduka yamejaa, hamjui. Sisi tulitoka kwenye kupanga foleni ya sabuni, ghafla kila mwenye dirisha amefungua duka, na kila duka linataka kibao. Mwenye genge la nyanya anataka kibao, mshona viatu anataka kibao. Kulikuwa na mzee mmoja anauza maji ya kunywa kwa kikombe, naye akaagiza kibao, kibao kikubwa kuliko ndoo. Fundi wa vibao alikuwa Mzee Athumani, mtu mpole, rangi imemwingia mpaka kwenye kope. Akanichukua nimshikie ngazi, kisha nimshikie brashi, mwisho nikawa nashika kibao chenyewe. Alinifundisha sura. "Macho mawili ya mtu hayafanani," alikuwa anasema. "Moja linaona, lingine linafikiri. Ukiyafanya yafanane umechora mwanasesere." Lakini yeye mwenyewe kwenye vibao vya vinyozi alichora sura moja tu, ya shemeji yake. Kwa hiyo kwa miaka mingi wanaume wa Singida walikuwa wanaingia kunyolewa wafanane na shemeji wa Mzee Athumani.

Huko ndiko nilikochanganya kazi. Udongo wa shangazi, rangi ya mzee, na ngoma na nyimbo nilizozaliwa nazo. Nikaanza kufinyanga vichwa vya watu, vikubwa kama vya kweli, vyenye uwazi ndani. Nawapaka rangi, nawavika nguo, nawachomeka kwenye mti, halafu nakaa nyuma ya kanga nawasemea, naimba, napiga ngoma, nawagombanisha. Wataalamu wakaja baadaye wakasema hiyo ni sanaa ya namna nyingi. Mimi niliita kutafuta watu wa kukaa nao.

Kichwa cha kwanza kilichokuwa na jambo kilikuwa cha bibi kizee mwenye macho mekundu. Mnajua mambo yale. Bibi anapikia samadi maisha yake yote, moshi unamla macho, yanakuwa mekundu, halafu mvua ikikosa wanasema ni mchawi, wanamjia na mapanga. Nilimpeleka bibi yangu wa udongo mnadani Issuna. Nikamsimamisha peke yake katikati ya mbuzi na vitunguu, sijasema neno, bado natengeneza ngoma. Upepo ukaja. Upepo wa kwetu mnaujua. Uliwahi kumchukua beberu wa jirani yangu, akaja kuonekana stesheni ya Manyoni anasubiri treni ya kurudi. Basi upepo ukampiga bibi usoni, ukaingia mdomoni, ukatokea kwenye tundu la kisogoni nililomtoboa asilipuke. Na bibi akalia. Uuuu, sauti nyembamba, ya mtu aliyechoka. Mnada mzima ukanyamaza. Mchana kweupe, watu wanashika mbuzi zao, hakuna anayecheka. Mwanamume mmoja aliyekuwa ananunua panga alilirudisha mezani taratibu, akaondoka.

Tangu hapo sikuwasemea tena vichwa. Nilijifunza matundu. Mdomo mpana na tundu dogo la nyuma, sauti nzito. Mdomo mdogo, sauti ya mtoto. Ukuta wa udongo ukiwa mnene mno, bubu. Na lazima akaukie kivulini, taratibu, ukimharakisha anapata ufa kwenye shingo na sauti inakuwa ya kukwaruza, kama diwani wa zamani.

Sasa nije kwenye kazi ninayoulizwa kila siku, ya kichwa cha Baba Neema.

Ilikuwa wakati vyama vingi vimeruhusiwa. Kijiji sikitaji, kiko kati ya Issuna na Manyoni, na watu wake bado wananisalimia. Bwana mmoja anaitwa Paskali, ndiye Baba Neema mwenyewe, mkulima wa uwele na alizeti, alitundika bendera ya chama kipya juu ya tembe lake. Rangi za bendera pia sizitaji, msije mkaanza kugombana. Mjini walikuwa wamesema ruksa. Lakini ruksa ilipanda basi pale mjini, na mwenyekiti wa kijiji kile aliisimamisha barabarani akaishusha. Aliwatuma mgambo wake, mkubwa wao ni Kamanda Hamisi, mtu mrefu, akipita chini ya mti ndege wanahama. Wakamchukua Paskali akiwa anakula, amevaa fulana. Hakurudi.

Mkewe alipoenda kuuliza, mwenyekiti alisema, "Tulimwonya, tukamwachia. Atakuwa amekimbilia machimboni. Wanaume ndivyo walivyo."

Habari hiyo ndiyo Mama Neema aliyokuja nayo kwangu. Alinikuta nakanyaga udongo. Mwanamke mdogo, mkavu, amebeba koti chini ya kwapa kama amebeba kuku.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Karibu. Usikanyage hapo, huyo ni mwalimu, hajakauka."

Hakucheka. Nikajua huyu ana neno.

"Wewe ndiye unayetengeneza watu?"

"Natengeneza vichwa. Watu wanatengenezwa kwingine."

Akakaa chini, akanisimulia. Alisimulia bila kulia, kama anasoma bei. Mvua moja imepita na nyingine imepita. Ndugu wa mume wanasema mume amepata mwanamke Tabora, wanamwangalia yeye kama ndiye aliyemfukuza. Padri anasema hawezi kusoma misa ya marehemu kwa mtu ambaye hajulikani kama amekufa. Matanga hayakaliwi, maana huwezi kukaa matanga ya mtu aliye machimboni. Nywele hajanyoa. Kanga nyeusi hajafunga.

"Mke siyo, mjane siyo," akasema. "Nikipita kisimani wenzangu hawajui wanipe pole au wanisute. Mimi sitaki kesi, mama. Mwenyekiti akae na kiti chake. Nataka kujua alipo nimlilie. Kama siwezi kujua, basi nitengenezee kichwa nimlilie hicho hicho."

"Una picha yake?"

"Hakuwahi kupiga."

"Nisimulie sura basi."

Akalipapasa lile koti. "Sijui kuisema," akasema. "Nimekaa naye miaka yote hiyo, sijui kuisema."

Ndugu zangu, hapa ndipo kazi ilipo, shikeni hapa. Nilimnawisha mikono. Nikaweka mbele yake bonge la udongo nililokwisha kulitoboa uwazi ndani. Nikamwambia, "Usiseme. Fumba macho, mshike."

Akafumba. Mikono ikakaa juu ya udongo muda mrefu, haifanyi kitu, mpaka nikafikiri amesinzia. Halafu vidole vikaanza vyenyewe. Vikapanda kwenye paji la uso, vikashuka, vikakuta pua. Nasema vikakuta, sisemi vikatengeneza. Akaweka kovu dogo juu ya nyusi ambalo hakuwa amelitaja. Akaminya shavu moja likawa chini kuliko jingine. Alipofika mdomoni akapitisha kidole gumba, akauacha wazi nusu. "Alikuwa anapumulia mdomo," akasema, macho bado yamefumbwa. Mimi nilikuwa nasaidia tu kushikilia kisogo kisibonyee, na nawaambieni, mimi ni mwongo mkubwa, lakini hili halina chumvi: udongo ulikuwa wa baridi, nimeutoa kwenye mtungi muda ule ule, na nyuma ya shingo ulikuwa na joto.

Nilimkausha kivulini, nikamchoma peke yake, sikumchanganya na vyungu. Alitoka mzima. Sikumpaka rangi hata tone.

Tukamsimamisha kwenye shamba la Mama Neema mwenyewe, pembeni ya njia, mahali ambapo hakuna wa kumkataza. Mti wa kwanza upepo uliung'oa kama bua, bahati nilimdaka mimi kabla hajafika chini, nikaanguka nimemkumbatia mume wa mtu shambani mbele ya mkewe. Basi nikaenda kwa fundi baiskeli, akanipa kile kigudulia cha katikati ya gurudumu, chenye gololi ndani. Nikakifunga juu ya mti, kichwa kikakaa juu yake. Sasa upepo ukimsukuma hashindani nao, anageuka. Lile koti nikalifunga kisogoni, linapepea nyuma kama mkia. Kwa hiyo uso unaelekea upepo unakotoka, na mdomo unapata pumzi. Ufundi tu. Hakuna uganga wowote, na niliwaeleza watu hivyo mpaka nikakauka koo.

Paskali alikuwa na mbwa wake. Kichwa kilipokuwa bado bila koti, mbwa alipita kama amepita jiwe. Nilipofunga koti, alirudi, akanusa hewa, akaja akalala chini ya mti. Na hakutoka.

Mchana jua lilipopanda, upepo ukaja kutoka mawio, kama kawaida ya kiangazi. Kichwa kikatikisika, kikageuka taratibu, kikasimama kimetazama mashariki. Halafu kikatoa sauti. Siyo ya kulia kama ya yule bibi. Ya mtu anayetaka kuanza kusema, anavuta pumzi, anasema "Hhhhoo," anaacha. Anavuta tena.

Mama Neema alikuwa anapepeta uwele. Akaweka ungo chini. "Ndivyo alivyokuwa anapumua akilala," akasema. Kisha akauchukua ungo akaendelea.

Mashariki ya shamba lile ndiko kijiji chote kilipo. Ofisi iko huko, kanisa liko huko, duka, kilabu cha pombe, nyumba ya mwenyekiti, kisha majabali, kisha pori. Kwa hiyo kila mtu akawa na hakika kwamba Baba Neema anamtazama yeye. Na hapo ndipo nilipocheka mpaka mbavu. Mama muuza pombe akaacha kuongeza maji. Mwenye duka akaacha kuweka kidole kwenye mizani. Mwanamume mmoja alirudisha jembe aliloazima kabla ya uhuru, mwenye jembe alikwisha kufa, akampa mjukuu. Mwenyekiti ndiye aliyetia fora: alibomoa ukuta wa nyuma akatoboa mlango mpya, wa mbele akauziba kwa matofali, akasema ni kwa ajili ya hewa. Ndani ya kiangazi kile kijiji kilitakata kuliko baada ya mkutano wa injili.

Lakini kicheko kilikuwa asubuhi. Upepo ukianza, mchana ule wa jua la utosi, kijiji kilikuwa hakisemi. Wanawake walitwanga kwa kusitasita, mchi unasubiri pumzi ya kichwa ipite ndipo ushuke. Watoto wa shule wakipita walisema, "Shikamoo Baba Neema," wote pamoja, bila kutumwa, na hawakukimbia wakati wa kwenda. Walikimbia wakati wa kurudi.

Kamanda Hamisi alikuja mara ya kwanza na rungu na wenzake.

"Wewe mama, nani amekupa kibali cha kusimamisha mtu hapa?"

"Siyo mtu, mwanangu. Ni chungu."

"Chungu gani kinavaa koti?"

"Siku hizi ruksa. Hata chungu kinavaa."

Wenzake wakacheka kwa pua. Yeye hakucheka. Alikuwa anakitazama kichwa kwa pembeni, kama unavyomtazama mtu unayemdai, au anayekudai. "Kiondoe," akasema.

Mama Neema akatokea mlangoni. "Ni shamba langu. Ni koti la mume wangu. Mume wangu yuko machimboni, ninyi wenyewe mlisema. Kuna ubaya gani mtu kutundika koti la mume wake likapata hewa?"

Hamisi akainua rungu. Upepo, ambao ulikuwa umetulia, ukaja kidogo tu. Kichwa kikageuka, kikapita usoni pake, hakikusimama kwake hata kidogo, kikaenda zake mashariki. "Hhhhoo." Nimeona watu wanaogopa kwa kutazamwa. Yule nilimwona anaogopa kwa kutotazamwa. Rungu likashuka. Wakaondoka, na wale wenzake walifuata njia, yeye akakata porini, akazunguka mbali.

Tukaanza kumwona anazunguka hivyo kila siku. Njia ya kwenda ofisini inapita pale shambani, yeye anapita kwenye miiba upande wa magharibi, suruali imechanika, miguu ina mikwaruzo kama mchunga ngamia. Akawa anakonda. Wale ndege walizoea, wakawa hawahami tena.

Siku aliyokuja mara ya pili ilikuwa mchana, upepo mkali kuliko siku zote, vumbi limepanda mpaka jua likawa kama sahani ya bati. Mimi nilikuwa nimekuja kupaka gololi mafuta. Mama Neema amekaa palepale na ungo wake. Hamisi alikuja bila rungu, bila kofia, viatu ameshika mkononi.

"Shikamoo mama."

Hajawahi kunipa shikamoo yule. "Marahaba," nikasema.

"Naomba umgeuze."

"Nani?"

"Huyo. Mgeuze atazame magharibi. Mfunge na kamba."

"Nikimfunga ataanguka, mwanangu. Upepo utamng'oa. Anageuka mwenyewe, ni gololi tu za baiskeli. Njoo uone."

"Sitaki kuona." Alikuwa anasemea ardhini. "Mama, mimi nina watoto. Nikilala nasikia anavyopumua. Nikifika nyumbani nasikia, na nyumbani kwangu ni mbali, sauti haifiki kule, najua haifiki. Mgeuze tu. Atazame kokote anakotaka. Amtazame mwenyekiti, anitazame mimi. Asitazame kule joshoni."

Ungo ukasimama.

Niwaeleze, maana ninyi ni wa mjini. Nyuma ya yale majabali kulikuwa na josho la kuogeshea ng'ombe, mfereji mwembamba wa zege, mrefu. Dawa za serikali zilipokoma kuletwa, watu waliliacha. Pori likalifunika. Hata mbuzi walikuwa hawaendi. Tangu kichwa kisimame, watu walitaja ofisi, walitaja kanisa, walitaja nyumba, dhambi zao na madeni yao. Josho hakuna aliyelitaja. Mimi nilikuwa sijui kama lipo.

"Josho gani?" Mama Neema akauliza. Aliuliza kwa sauti ndogo, kama mtu anayeuliza kama chai imechemka.

Hamisi akainua uso. Nikamwona anarudi nyuma kwenye maneno yake mwenyewe, anayatafuta, anayakuta. Na upepo ukakata. Hivyo tu, katikati ya mchana, vumbi likaanza kushuka taratibu juu yetu wote watatu. Kichwa hakikutoa sauti. Mbwa akasimama.

"Sikuwa peke yangu," Hamisi akasema. Akakaa chini pale alipokuwa, kwenye vumbi, na viatu vyake mkononi. "Mama Neema, sikuwa peke yangu."

Mama Neema aliumwaga uwele wote chini, mwanamke ambaye hajawahi kupoteza punje, akaweka ungo ukutani, akachukua jembe. Akapita mbele ya Hamisi kama anapita gogo. Mbwa alikuwa ameshatangulia.

Nilimfuata. Tulipopita kijijini wanawake walimwona na jembe lile begani, na sura ile, wakaacha michi ndani ya vinu wakafuata. Tulipofika kwenye majabali tulikuwa wengi. Mgambo walikuwepo, wamesimama kando, hakuna aliyeinua mkono. Josho lilikuwa limejazwa mawe upande mmoja. Mbwa amelala juu yake. Mama Neema akaanza kutoa mawe, jiwe moja moja, anayapanga pembeni vizuri kama anaandaa mafiga. Wenzake wakashika naye. Sitawaeleza tulichokiona, isipokuwa kwamba fulana ilikuwepo, na yeye aliitambua kwa kiraka alichoshona mwenyewe.

Polisi walikuja kutoka wilayani, maana watu waliotuma habari walikuwa wengi mno kuwanyamazisha. Hamisi alisema yote, alifungwa. Mwenyekiti alichukuliwa naye, akakaa kidogo, akarudi amenenepa, wakampa kazi ya kusimamia mambo ya maji katika kijiji kingine. Nasikia na huko alijengewa nyumba yenye mlango nyuma. Msiniulize kwa nini. Mimi nafinyanga tu.

Kabla ya maziko alikuja bwana mmoja wa mradi, na gari jeupe na tai. Alikuwa amesikia. Alitaka kukichukua kile kichwa, kiwekwe kwenye jumba la maonyesho mjini, ndani ya kioo, watu wakione. Jina langu lingeandikwa chini yake. Nawaambia ukweli, nilitamani. Ile ilikuwa kazi yangu kubwa kuliko zote, na sijafanya nyingine kama ile tangu hapo, na sasa vidole hivi havitafanya.

"Mwulize mwenyewe," nikamwambia yule bwana. Akamfuata Mama Neema, akamweleza vizuri, kwa heshima, kioo, taa, wageni.

Mama Neema alikuwa anasuka mkeka wa maziko. "Kwenye kioo atapumua wapi?" akauliza. Bwana wa mradi akanywa maji, akapanda gari.

Kisha Mama Neema akanigeukia mimi. "Mama, naomba tumzike nacho. Ulichonifanyia sijui nikushukuru vipi. Lakini sitaki awe mara mbili."

Nikasema, "Chukua mwanangu. Ni mikono yako."

Tulizika mchana, padri akasoma misa yake, nyuma ya tembe. Upepo ulikuwa mwingi. Sanduku liliposhuka, nikaingia kaburini mimi mwenyewe, ingawa wanawake hawaingii, wazee walikohoa nikajifanya kiziwi. Nikakilaza kichwa upande wa kichwani, kwa ubavu, bila koti. Koti alilivaa Mama Neema. Nikapandishwa juu. Kichwa kikiwa mle chini upepo ulikuwa unakifikia kwa ncha tu, lakini kilikuwa kinapumua, watu wote walisikia. "Hhhhoo." Kinaacha. "Hhhhoo."

Kwa desturi wanawake hawaanzi kulia mpaka mwenye msiba aanze. Tulikuwa tumesimama tumebana vilio vifuani, tunamsubiri. Yeye ametulia tu, anatazama chini. Wanaume wakaanza kurudisha udongo. Koleo la kwanza, sauti ikawa nzito. La pili, ikashuka zaidi, kama mtu anayepitiwa na usingizi katikati ya neno. Wenye makoleo wakasita. Hakuna aliyetaka kutupa linalofuata. Wakatazamana, wakamtazama padri, padri akatazama kitabu.

Mama Neema akainama, akachota udongo kwa mikono yake miwili, akapiga goti ukingoni. Alikuwa anatabasamu kidogo, kama unavyotabasamu mtu akichelewa kurudi, ukamsubiri na hasira zako zote, halafu ukasikia hatua zake.

"Basi, Baba Neema," akasema. "Nimeshafika. Pumzika."

Akauachia ule udongo, sauti ikakoma. Ndipo akapiga ukelele.